Kutoka Gulio Hadi Gulio

Mama mmoja wa bondeni, Bi Esha, alikuwa na binti aliyempenda sana, jina lake Somoe. Muhogo wa kwao ulikuwa mchungu. Usipolowekwa mtoni mpaka ulainike, unaua. Na maji ya kulowekea hunuka. Kwa hiyo mama hakumwacha binti atie mikono humo. Alimfundisha kwa maneno: loweka siku ya gulio, opoa gulio linalofuata. Somoe akashika. Akiulizwa alijibu bila kusita, na majirani wakamsifu mama kwa malezi.

Somoe akaolewa milimani, kwenye ukungu na baridi. Alibeba pingili za muhogo wa kwao, akapanda, ukakomaa. Akaloweka siku ya gulio, akaopoa gulio lililofuata, akaanika, akatwanga, akasonga ugali. Siku zilikuwa zile zile za bondeni; hakupunguza hata moja. Jioni ile mwanawe alitapika mpaka shingo ikalegea, na baba mkwe akashindwa kusimama.

"Mke wa kaka katuletea muhogo au sumu ya panya?" wifi yake aliuliza mlangoni, watu wakisikia.

Wagonjwa walipona, lakini ukoo ukakaa kuamua kama Somoe arudishwe kwao. Bi Esha akaitwa. Njia nzima alijua atakachosema: mwanangu amekosea siku. Alipofika hakuketi. Alishuka kijitoni alikolowekea Somoe, akatia mkono majini, akauacha humo kwa muda. Yalikuwa baridi mno. Akaopoa muhogo mwingine wa Somoe uliokwisha kulala humo gulio hadi gulio, akaubonyeza. Ulikuwa mgumu kama mpini.

Somoe alisimama nyuma yake. "Mama," alisema, "siku ulinipa. Muhogo wenyewe hukunishikisha."

Bi Esha hakujitetea. Alimwepusha na ile harufu kwa mapenzi, na Somoe alilijua hilo. Akaushika mkono wa binti yake, akauzamisha pamoja na wake. Kila asubuhi walirudi kuubonyeza muhogo ule, mpaka ulipomeguka wenyewe vidoleni, gulio likiwa limepita zamani. Ugali wake walikula wao kwanza, mama na binti, mbele ya ukoo wote. Siku ya pili yake wifi akasogea kwenye sinia.

Nanyi wenzangu mnaofundisha: huyo mwanafunzi wenu anayejibu bila kusita, amewahi kuushika muhogo?