Ukurasa Uliorukwa

Jumatatu, tarehe kumi na mbili Januari, saa mbili na nusu asubuhi. Tangu nifiwe na mke wangu Skolastika nimejifunza, ndugu zangu, kwamba jambo linalogeuza maisha huja na saa yake, na aliyeguswa nalo haisahau. Yangu mimi ni saa kumi alasiri. Wengi wenu mlikuwepo, sina haja ya kuirudia. Hii ya saa mbili na nusu ni ya mfano tu. Ni saa ambayo mwalimu mkuu mmoja alitia kufuli kwenye kabati.

Nitasema polepole. Mnanijua, mimi si msomi. Nilimaliza darasa la saba, nikapata kozi ya ukatekista, basi. Lakini neno la leo linatuhusu sote, waliosoma na wasiosoma.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa hisabati. Alipostaafu aliandika kitabu cha watoto wa darasa la sita. Hakuandika kama wengine. Akitaka kueleza sehemu, alichukua mkungu wa ndizi akaugawa. Akitaka kueleza asilimia, alichukua debe la kahawa lenye punje mbovu. Mtoto aliyekaa peke yake nyumbani, baba hajui, mama hajui, alikisoma akaelewa. Na mwisho wa kitabu mama yule aliahidi kwamba cha darasa la saba kinakuja.

Mchapishaji akakitoa. Bei yake dukani mjini ilikuwa sawa na jogoo wawili. Nawauliza: nani hapa atauza jogoo wawili anunue kitabu, na mtoto hana viatu? Mama Kinunda anatikisa kichwa. Sikulaumu, mama. Hata mimi nisingeuza.

Basi, wafadhili wakaleta boksi moja la vitabu hivyo kwenye shule ya kijiji. Mwalimu mkuu akalipokea kwa mikono miwili. Akavitoa kimoja kimoja, akavinusa, maana kitabu kipya kina harufu yake. Akavipanga kabatini vizuri, akafunga kufuli. Ndiyo ile saa niliyowatajia.

Mwalimu wa darasa la sita akamfuata ofisini.

"Mkuu, naomba vile vya hisabati. Watoto wanasubiri."

"Wasubiri. Mikono yao si unaijua? Wametoka kuchuma kahawa, vidole vinanata."

"Watanawa."

"Na wakaguzi wakija wakavikuta vimechanika, utajibu wewe? Mimi nataka wakifungua kabati waone kwamba shule hii ina vitabu."

"Shule ina vitabu, mkuu. Watoto hawana."

"Mwalimu, chaki ipo. Nenda kafundishe."

Mnacheka. Haya, nani kati yetu hana vyombo vya wageni nyumbani? Sahani nzuri, zimepangwa, zinafutwa vumbi kila Jumamosi, na mtoto wa nyumba hiyo tangu azaliwe hajawahi kulia chakula kwenye hata moja. Ndivyo tulivyo. Kitu kizuri tunakiweka kwa ajili ya mgeni, na mgeni mwenyewe hajulikani atakuja lini.

Mwalimu wa darasa la sita akaomba aazimwe kitabu kimoja, kwa siku moja, aandae somo. Akaruhusiwa. Hakwenda nacho darasani. Alikwenda nacho sokoni, kwa fundi simu, yule kijana anayetia nyimbo kwenye simu za watu. Akamwambia, "Nipigie picha kitabu hiki, nikirudishe kabla mkuu hajagundua." Fundi akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, akaziunganisha, likawa faili moja. Jioni ile ile faili likaingia kwenye kundi la wazazi.

"Nirushie na mimi."

"Mrushie na dada yangu, yuko kata ya pili."

Haukupita mwezi, wilaya nzima inacho. Watoto wanabanana kwenye simu ya mama yao, kioo kimepasuka, chaji inakwisha katikati ya hesabu, wanakimbilia kwa jirani mwenye sola. Lakini walielewa! Hilo sitalificha. Darasa la sita la mwaka ule walifaulu kuliko darasa lolote lililowahi kupita shuleni pale. Fundi simu akapita sokoni kifua mbele, watu wakimwita Profesa.

"Profesa, cha darasa la saba vipi?"

"Bado. Kikitoka tu, mnacho!"

Hakikutoka.

Mwaka ukapita, hakikutoka. Watoto wale wakaingia darasa la saba, mwaka wa mtihani, bila kitabu cha pili. Wakawa kama mtu anayevuka mto juu ya gogo, akifika katikati anakuta gogo limeishia pale. Wengi wakafeli. Nyuma yao likaja darasa jingine, nalo likafika pale pale katikati ya mto. Wazazi wakaitana, wakasema mwandishi atafutwe. Wakamtuma mwalimu mkuu, kwa kuwa shule ni yake. Wakamtuma na fundi simu, kwa kuwa yeye ndiye Profesa.

Wakamkuta mama yule barazani kwake, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Semeni ninyi ni akina nani. Macho yangu yamekwisha, naona vivuli tu."

Wakajitambulisha. Wakasema, "Mama, tumetumwa. Wilaya nzima inasubiri kitabu chako cha pili."

Mama akacheka. "Wilaya nzima! Mmetoka mbali kuja kunitania, na mimi sina hata chai ya kuwapa."

"Hatutanii, mama. Cha kwanza kimesomwa kila nyumba yenye mtoto."

Akaacha kupukuchua. "Kitabu gani?"

"Chako."

Akaweka gunzi chini. Kisha akasema, "Mchapishaji aliniita. Akaniambia kitabu changu hakina wasomaji. Vimelala ghalani, panya wanavila. Cha pili hawezi kukichapa, maana hakuna anayekitaka. Nikarudi nyumbani nikajiuliza: miaka yote ile darasani nilikuwa nafundisha nini? Nikaona kumbe sieleweki. Nikaiweka kalamu. Na wakati ule, wanangu, macho yalikuwa bado yapo."

Fundi simu akajitetea. "Lakini mama, tungekinunua kwa nini? Jogoo wawili! Sisi watu wa hali ya chini."

"Nani kakwambia ununue? Si nilisema kwenye ukurasa wa mbele kabisa? Niligombana na mchapishaji mpaka akakubali kuuweka. Nilisema: mzazi asiyeweza, shule isiyoweza, nipigie, namba yangu hii hapa. Nitakupa kitabu, au nitakupa ruhusa unakili. Wewe niambie tu mko wangapi. Nilitaka nikamwonyeshe yule bwana kwamba watu wapo. Nikakaa na simu hii. Haikulia."

Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Ukurasa wa mbele niliuruka, mama. Haukuwa na hesabu."

Mama akageukia upande wa mwalimu mkuu. "Na wewe, mwalimu mwenzangu? Huna hata kimoja cha karatasi?"

"Ninavyo. Boksi zima."

"Hukuusoma?"

"Nilikuwa navitunza, mama."

Ndugu zangu, mmesikia? Mmoja alieneza maneno yote ya mama yule, akaacha yale aliyokuwa anawaambia wao. Mwingine alikuwa nayo yote, hayana pungufu, akayatia kufuli. Watu waliiba kitu walichokuwa wakiitiwa wapewe bure. Na kwa kuwa waliiba, hawakuweza kusema asante, maana aliyeiba hapigi simu kushukuru. Wilaya nzima inamsoma mtu, na yeye amekaa barazani anajiona mjinga.

Basi mwizi ni yupi? Fundi? Mwalimu wa darasa la sita, aliyewahurumia watoto? Mwalimu mkuu, ambaye hakuiba hata karatasi moja? Mchapishaji aliyeweka bei ya jogoo wawili mbele ya mtu mwenye jogoo mmoja, kisha akasema hakuna anayekitaka? Nimeliuliza swali hili wiki nzima nikiwa shambani. Nimeona nisimtafute mmoja. Amri ya saba haina mlango wa nyuma: kuchukua cha mtu bila yeye kujua ni kuiba, hata kama njaa ni ya kweli. Lakini anayefungia, na anayepandisha bei mpaka maskini asifikie, wasidhani amri hiyo haiwahusu.

Mama yule hakulia. Alikung'uta makapi ya mahindi kwenye kanga, akauliza, "Haya. Kesho nani anakuja na kalamu?"

Wakaja. Yeye akasema, mwalimu mkuu akaandika, fundi akachapa. Na alikuwa mkali! "Umeandika nini hapo, mkuu? 'Gawa kitu'? Futa. Andika mkungu. Mtoto hajawahi kula kitu." Wakienda haraka anawarudisha. Wakichoka anawaambia, "Mtihani hautachoka." Mwalimu mkuu akarudi shuleni, akafungua kabati, akagawa vitabu, na vidole vya watoto vikanata humo kama alivyoogopa. Fundi akazunguka vijijini akikusanya majina ya shule zote zilizolisoma lile faili, akampelekea mchapishaji. Mchapishaji alipoona umati ule akashusha bei hadi mwenye jogoo mmoja akaweza kununua na kubakiza ya chumvi.

Kazi ilikwenda vizuri. Masika yalipoanza, mama akashikwa na kifua. Zilikuwa zimebaki sura za mwisho, zile ngumu, ambazo mtihani huzipenda. Akafa kabla hajazisema.

Kitabu cha darasa la saba kipo. Watoto wanakipenda. Lakini kinaishia pale alipoishia. Wametafutwa walimu wengine wamalizie, wakaandika, na watoto hawaelewi. Zile sura zilikuwa na wakati wake wa kuandikwa. Wakati huo ndio ule mama aliokaa barazani, macho yakiwa mazima, akidhani hakuna anayemsoma. Uliliwa na ukimya wa watu waliokuwa wanampenda.

Sasa nasema na sisi.

Sisi ni hodari wa misiba. Mtu akifa, kabla ya saa sita tumeshachanga jeneza, mchele na mafuta. Tunasimama na kipaza sauti, tunasoma wasifu wa marehemu, tunasema alikuwa mkarimu, alikuwa mwalimu wetu, hatutampata mwingine. Siku ya mke wangu nilisikia mambo mengi mazuri ambayo nilikuwa siyajui. Kuna mama alisema Skolastika ndiye aliyemfundisha kusoma, jikoni, kwa mkaa ukutani. Niliyasikia mimi. Yeye alikuwa kwenye jeneza.

Tusifanye hivyo tena. Nimeamua, na ninawaomba mwamue pamoja nami. Jumuiya zetu zote zina sufuria kubwa za misiba. Tulizinunua kwa kuchanga, hakuna mtu mmoja angeziweza. Kama tumeweza sufuria za kupikia waliofiwa, tutaweza vitabu vya walio hai. Kila jumuiya ichange, inunue cha pamoja, kizunguke nyumba kwa nyumba kama Rozari inavyozunguka. Kikichakaa, tutamshukuru Mungu kwamba kimetumika.

Na kitabu ambacho hata tukichanga hatukiwezi? Asiye na fedha ana mdomo. Mtafute aliyekiandika. Mwambie: sisi ni watu wa mahali fulani, watoto wetu wanakihitaji, uwezo wetu ni huu. Wapo watakaokataa, lakini wapo wanaoisubiri simu hiyo. Na wachapishaji tuwaambie wazi, bila matusi na bila woga, kwamba bei hii inawaacha watoto wetu nje. Tusiendelee kunyamaza na kurushiana gizani, halafu tushangae kwa nini walimu wa kutufundisha wanapungua.

Na wewe ambaye tayari unalo faili kwenye simu yako. Ndiyo, wewe, usimtazame jirani. Leo sikuhukumu. Leo nakuambia umtafute mwenye maneno hayo ukamwambie kwamba umeyasoma. Lipa unachoweza. Ukishindwa, sema asante kwa jina lako. Fanya hivyo wiki hii, angali na masikio ya kusikia.

Huu ni Novemba, mwezi wa marehemu. Tusimame tuwaombee.

Ee Mungu wetu, tunawaleta kwako waliotufundisha wakaondoka hatujawashukuru: walioandika tukasoma kimyakimya, na walioandika kwa mkaa kwenye kuta za jikoni. Wasamehe makosa yao. Wape macho mapya wakuone. Sauti yetu haiwafikii tena, ila wewe unafika; basi waambie wewe kwamba walieleweka. Mpokee mtumishi wako Skolastika, umpe mahali pa mwanga na utulivu, pamoja na marehemu wote wa kigango hiki, na wale wasio na mtu wa kuwataja. Nasi tuliobaki utupe moyo wa kushukuru mapema. Amina.