Msemee Kwanza, Ndipo Umjibu

“Msemee kwanza, ndipo umjibu.” Vijana wa kwaya walikuwa wakibishana, kila mmoja akipaza sauti, Bibi Kresensia alipowatupia maneno hayo. Wakamgeukia. Wakataka kujua yametoka wapi. Bibi akasogeza ungo wa maharage, akawaambia: methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Umatengo alikuwako binti, Gaudensia, aliyetaka kuingia utawa. Masista waliokuja kutafuta wasichana walikuwa wanaondoka Jumatatu, nao hawakumchukua msichana bila ridhaa ya mzazi. Baba yake, mzee Otmari, mjane, alikataa katakata. Gaudensia alilia, akasusa kula, akamtolea hoja za katekisimu. Mzee akazidi kuwa jiwe.

Binti akaenda kwa katekista, Mwalimu Hilari.

“Hata Mtakatifu Tomaso wa Akwino ndugu zake walimfungia ndani ya ngome asiwe mtawa,” mwalimu akamwambia.

“Akatoroka?” Gaudensia macho yalimng’aa.

“Wewe! Umesikia hilo tu? Hatimaye aliondoka, ndiyo. Lakini tazama alivyofundisha alipokuwa mwalimu. Katika kitabu chake kikubwa, kila swali alilianza kwa hoja za wanaompinga. Alizipanga vizuri, kana kwamba ni zake. Baadaye ndipo akajibu.”

“Ya nini kumsaidia adui maneno?”

“Kwani baba yako ni adui?”

Gaudensia alirudi nyumbani kichwa kimeinama. Alimkuta baba yake uani na shangazi, wakichambua kahawa.

“Baba, leo sibishi. Naomba nikusemee wewe.”

“Makubwa!” shangazi akacheka. “Kifaranga kinamwikia jogoo!”

“Mwache,” mzee akasema. “Haya, nasemaje?”

“Unasema nikienda utakosa mahari.”

“Siyo.”

“Basi utakosa wa kukupikia.”

“Ugali nausonga kukushinda. Siyo.”

Gaudensia alitahayari. Siku zote hizo alikuwa akijibu neno ambalo baba yake hakulisema. Akamtazama, safari hii kwa kumtazama kweli: mikono iliyokuwa ikiokota punje, ikisita, ikiokota tena.

“Baba,” akasema polepole, “mama alipokwenda hospitali alituaga akicheka. Alisema atarudi, hakurudi. Na mimi nakuaga vilevile.”

Mzee Otmari akavua kofia, akajifuta uso.

“Hilo ndilo,” akasema. “Sasa nijibu.”

“Sikudanganyi, Baba. Miaka ya mwanzo hatupewi likizo. Lakini siendi kufa, naenda kuishi. Utakuja kuniona, na siku ya nadhiri utanishika mkono wewe mwenyewe hadi altareni.”

“Na nikikataa?”

“Nitaanza upya kukusemea. Pengine kuna neno nimelisahau.”

Shangazi hakucheka tena. Mzee alirudia kuchambua kahawa. Kisha akauliza, “Huko kuna baridi?”

“Kuna baridi, Baba.”

“Basi utachukua blanketi langu.”

Jumatatu alimpeleka mwenyewe, blanketi begani, akimsimulia kila aliyekutana naye njiani jinsi binti yake alivyomsemea. Tangu hapo, watu wa huku wakiona wawili wanagombana, mke na mume, hata wazee wanaogombea mpaka wa shamba, huwauliza: umeshamsemea mwenzio, naye akakubali kwamba hilo ndilo? Kama bado, jibu lako halina pa kutua.

Msemee kwanza, ndipo umjibu.