Kufuli Jekundu Lisilo na Jina

Aliyemwambia Nakijwa kwanza ni Mama Mwanaisha, mpishi wa kantini ya kiwanda cha kamba za katani. Alimwambia huku akimpakulia maharage, bila kuinua macho.

"Ofisi imetoa nafasi ya fundi umeme, mwanangu. Moja tu. Na ninyi wanagenzi mko watatu. Kula basi, usiniangalie hivyo."

Nakijwa hakula. Fundi aliyeajiriwa hupewa chumba katika nyumba za wafanyakazi, na chumbani mtu hukaa na mwanawe. Mwanagenzi hulala bwenini, na bwenini mtoto haruhusiwi. Mwanawe Elinipa, wa miaka miwili, alikuwa kwa bibi yake kule Usangi milimani, mwezi wa tano sasa. Jumapili iliyopita, walimwekea mtoto simu sikioni. Nakijwa alisikia pumzi zake tu. Kisha akamsikia akimgeukia bibi na kumwita, "Mama."

Sasa wajueni hao watatu.

Kiondo alijaliwa pua. Waya ukianza kuungua ndani ya ukuta, yeye hukunja uso kabla moshi haujaonekana. Wenzake walimtania kwamba hatapata mke, maana mboga ikiungua atajua tangu getini.

Mhina alijaliwa vidole. Mkono wake mwembamba uliingia mahali ambapo bisibisi hukwama, na vidole vyake viliunga waya bila msaada wa macho. Alikuwa mwanagenzi kwa mwaka wa pili. Kila alipopiga simu nyumbani, baba yake alimwuliza swali lile lile: "Umeshakuwa fundi?"

Na Nakijwa? Yeye akiambiwa simama hapa, husimama. Hicho ndicho kilichokuwa kipaji chake, na alikionea haya.

Kiwandani hapo kila fundi ana kufuli lake jekundu, lenye kibao cha jina. Kabla hajagusa mashine, huzima swichi kubwa, huifunga kwa kufuli hilo, na ufunguo hutia mfukoni. Aliyefunga ndiye anayefungua, hakuna mwingine, hata meneja. Mwanagenzi hana kufuli. Hufanya kazi chini ya kufuli la fundi wake. Nakijwa alizoea kulipangusa vumbi kufuli la Fundi Kupaza, mwalimu wao, mara nyingi kuliko lilivyohitaji.

Jumanne saa nne asubuhi, Fundi Kupaza akiwa ameenda mjini kuchukua kebo mpya, mashine ya kuchana katani ilizima. Bwana Chamshama, msimamizi wa zamu, alikuja mbio.

"Lori linasubiri getini! Mafundi gani ninyi mnaotazamana?"

"Sisi ni wanagenzi tu, bwana," Kiondo alisema.

"Basi tengenezeni kiuanagenzi, lakini itembee!"

Kufuli la Fundi Kupaza lilikuwa limekwenda mjini ndani ya mkoba wake. Walipaswa kumngoja. Hawakumngoja. Kiondo alizima swichi kubwa, akasema, "Dada Nakijwa, simama hapa. Leo wewe ndiye kufuli letu."

Mashine hiyo ina mota kumi na mbili. Kiondo alipita moja baada ya nyingine, akiinama na kunusa. Wengine walisikia harufu ya katani na grisi. Yeye alisimama kwenye ya tisa. "Hapa." Walipofungua kifuniko, waya ulikuwa umeungua, mweusi kama utambi.

Mhina alilala chali chini ya mashine, akaingiza mkono mpaka begani kati ya meno ya chuma yanayochana katani. Alifumba macho. Akakata palipoungua, akaunga palipobaki.

Nakijwa alisimama. Chumba cha swichi kiko nyuma ya ukuta, kwa hiyo hakumwona Mhina. Bwana Chamshama alimwona Kiondo akifuta mikono, akadhani kazi imekwisha. Akaingia chumbani.

"Washa."

"Bado, bwana. Mhina hajaja."

"Nimesema washa! Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni kufuli," Nakijwa alisema, kwa sauti ndogo sana.

Msimamizi alicheka, kisha akanyoosha mkono. Nakijwa akageuka, akaukumbatia mpini wa swichi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyembeba mtoto. Alisukumwa bega. Alitukanwa. Hakuachia, mpaka Mhina alipotokea mlangoni na mikono yake myeusi, yote miwili.

Bwana Chamshama aliitazama mikono ile, akatoka. Mashine ikawashwa. Lori likaondoka.

Jioni Fundi Kupaza aliwagombeza wote kwa kufanya kazi bila kufuli. Akaongeza kwamba ule muungo ni wa muda tu, kesho waweke kebo mpya kabla mashine haijawashwa. Kisha, mle chumba cha swichi, akaweka juu ya meza kufuli jipya, ufunguo wake, kibao cheupe na kalamu.

"Nafasi ni ya mtu mmoja. Mimi sikuwepo, ninyi mlikuwepo. Kesho asubuhi nikute jina."

Alipotoka, Kiondo alisema, "Bila pua yangu mngekuwa bado mnafungua mota."

"Na pua yako ingeunga waya?" Mhina alimjibu.

"Na dada yetu? Yeye alisimama tu."

Mhina aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. "Alisimama," alisema. "Lakini na mimi baba ataniuliza tena Jumapili."

Wakaachana bila kuandika kitu.

Asubuhi iliyofuata Nakijwa alifika wa kwanza. Kufuli lilikuwa pale pale mezani. Aliishika kalamu. Akafikiria kitanda kidogo karibu na dirisha, na sauti ikimwita yeye, si mwingine, "Mama." Kalamu iligusa kibao, ikaacha nukta moja.

King'ora kikalia. Nje ya ukuta alisikia wafanyakazi wa zamu wakiingia, na kebo mpya ilikuwa haijawekwa. Akaweka kalamu chini. Akazima swichi kubwa, akatundika lile kufuli jekundu na kibao chake, akalibana mpaka likalia ta! Kisha akakaa sakafuni, ufunguo ndani ya ngumi.

Fundi Kupaza aliingia, Kiondo na Mhina nyuma yake. Akakigeuza kibao, akaona nukta tu.

"Kufuli la nani hili?"

Kiondo alimtazama Mhina. Mhina alimtazama Nakijwa. Nakijwa alifungua ngumi. Meno ya ufunguo yalikuwa yamejichora kwenye kiganja chake.

Fundi bado amesimama hapo, na jibu hajapata. Ninyi mliokaa kunisikiliza, kalamu hiyo nawapa. Mmoja alilijua tatizo lilipo, mmoja alilitatua, mmoja aliulinda uhai wa mwenzake. Je, wewe ungeandika jina la nani?