Mbwa Aliyeitwa Hayawahusu

Hadithi hii ina watu watatu, mbwa mmoja, na aibu ya mtu wa nne. Tegeni masikio mpaka mwisho, maana mwishoni hamtaambiwa kitu. Mtaulizwa.

Katika mtaa mmoja wa mji wa Njombe, kule ambako ukungu huamka kabla ya watu, nyumba nne zilipakana. Katika tatu kati ya hizo walikaa watu wenye vipawa.

Wa kwanza alikuwa Mama Zuhura, mjane aliyehamia kutoka Tunduru. Kipawa chake kilikuwa sikio. Kwa sauti tu alijua kama kuku wa jirani ametaga au ameona nyoka, na kama mtoto wa mtu analia kwa njaa au kwa deko.

Wa pili alikuwa Sekela, mama lishe aliyewapikia vijana wa kiwanda cha mbao. Kipawa chake kilikuwa ulimi. Maneno alikuwa nayo mengi, lakini si hayo yanayosemwa hapa. Alipomsemesha mnyama, mnyama alitulia. Ng'ombe akigoma kukamuliwa, Sekela ndiye aliyeitwa.

Wa tatu alikuwa Lutengano, fundi viatu. Kipawa chake kilikuwa mkono. Kisu chake kilifumua soli bila kujeruhi ngozi iliyo juu yake. Watu walisema akitaka anaweza kumnyoa nzi ndevu, na nzi asijue.

Nyumba ya nne ilikuwa ya Oliva Mgaya na mumewe Zakaria. Kipawa chao hawa kilikuwa kazi. Zakaria aliendesha lori la mbao, akionekana nyumbani kama mgeni. Oliva alifungasha parachichi kiwandani. Gari la wafanyakazi lilimchukua asubuhi na kumrudisha jua likizama. Mtoto wao alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba ile ilikuwa na mkazi mmoja tu, naye alikuwa kwenye mnyororo.

Alikuwa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia. Zakaria alimleta akiwa mdogo wa kuingia ndani ya kofia. Usiku alifunguliwa alinde, asubuhi alifungwa asiume watu. Ndivyo wengi wanavyofuga. Tofauti ni kwamba nyumba nyingine zilibaki na mtu mchana, hata kama ni bibi wa kumrushia mbwa mfupa na kumtukana kidogo. Hii haikubaki na mtu. Mbwa alilia, akabweka, akalia tena.

Siku moja bombani, wanawake wakisubiri zamu, Sekela alisema, "Yule Oliva hafugi mbwa. Anafuga mnyororo."

Wakacheka. Oliva alikuwa nyuma yao na ndoo yake.

Mtaani pale watu hawakujibizana uso kwa uso. Mtu alimpa mbwa wake jina, na jina likasema kwa niaba yake. Palikuwa na mbwa aliyeitwa Mtasemasana, na mwingine, nyumba za juu, aliyeitwa Tumewazoea. Mbwa wa Oliva alikuwa bado hana jina. Jioni ile akapata. Oliva alisimama mlangoni na sahani ya ugali, akaita kwa sauti ya kufika kwa wote waliopaswa kufikiwa: "Hayawahusu. Hayawahusu, njoo ule."

Ujumbe ulifika. Kila jioni ulifika tena.

Mama Zuhura aliendelea kukisikia kilio, ila hakusema, kwa kuwa alikuwa ameambiwa hakimhusu. Sekela alirusha makoko ya ugali juu ya ukuta wa ua, wenye mbwa wakiwa kazini, akimsemesha mbwa kidogo, na jioni alijifanya hajui mbwa anashibia wapi. Lutengano, siku alipompelekea Oliva viatu vya mtoto wa shule, alikuta mbwa amefunguliwa mapema, akaumwa mguu. Alipolalamika, Oliva alimwambia, "Kwani fundi, jina lake hukulisikia?" Mtaa ulicheka tena, safari hii upande wa Oliva. Oliva alilala vizuri usiku ule.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa siku ya mvua ya rasharasha. Zakaria alikuwa safarini. Kibanda cha mbwa kilivuja, na Oliva akamwonea huruma, akamhamishia chini ya upenu, kando ya ukuta, palipopangwa kuni. Akafunga mnyororo kwenye nguzo. Gari la kiwanda likapiga honi. Akakimbia. Hakuuangalia ukuta.

Asubuhi ilipoiva, mbwa alipanda juu ya kuni, akaona nje, akaruka. Mnyororo ulitosha kuvuka ukuta. Haukutosha kufika chini.

Mama Zuhura alikuwa akichambua mchele. Hakusikia kelele, alisikia kelele zikikoma. Mbwa aliyebweka tangu alfajiri hanyamazi katikati ya mbweko. Alitoka, akamkuta ananing'inia upande wake wa ukuta, miguu ya nyuma ikitafuta ardhi. Mama Zuhura ni mtu wa sala tano. Kwake mate ya mbwa ni najisi, na tangu azaliwe hakuwahi kumgusa mbwa. Alimkumbatia kiunoni, akamwinua, akasimama hivyo huku mgongo ukimuuma na mate yakimtiririka shingoni, akapiga kelele za kuita watu. Kama si yeye, mbwa angekufa kabla mtu mwingine hajajua.

Sekela alikuwa na sufuria la makande motoni na wateja njiani. Aliacha mwiko ndani ya sufuria akaja. Mbwa alikuwa amepata pumzi kidogo na kuitumia kupigana: alirusha meno kushoto na kulia, na kila alipojinyonganyonga ukanda wa shingoni ulizidi kumkaba. Mama Zuhura alikuwa karibu kumwachia. Sekela alikishika kichwa kwa mikono miwili na kumsemesha. "Tulia, baba. Tulia, mla makoko wangu. Nani anakutakia ubaya hapa?" Mbwa akatulia. Kule jikoni makande yaliungua mpaka chini. Vijana wa kiwanda walikula kwa mama lishe mwingine siku ile, na baadhi yao hawakurudi. Kama si yeye, mbwa angejimaliza mwenyewe mikononi mwa aliyemwokoa.

Lutengano aliitwa, akaja, akasimama mbali. Alijipapasa kovu la mguuni. "Huyu?" akauliza.

"Huyu huyu," Sekela akasema. "Njoo, Fundi. Nimemshika mdomo."

"Ulimi wako nauamini. Meno yake ndiyo sijaelewana nayo."

Lakini alikuja. Ukanda ulikuwa umezama shingoni, hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha kidole. Alisogeza uso karibu na meno yale yale, akapenyeza kisu kati ya ukanda na ngozi, akakata. Kisu hakikugusa ngozi. Kama si yeye, wale wawili wangemshikilia mbwa mpaka nguvu ziwaishie, kisha wangemwachia afe.

Jioni Oliva alishuka garini. Alikuta mnyororo umepanda kuni na kuvuka ukuta, na mwishoni mwake kuna kipande cha ukanda kilichokatwa kwa kisu. Akahitimisha jambo moja tu: ameibiwa. Akazunguka mpaka kwenye ua wa Mama Zuhura, akaita kama alivyozoea kuita.

"Hayawahusu. Hayawahusu, njoo."

Ndani ya ua watu watatu waliinua vichwa.

"Nani amemchukua mbwa wangu?" Oliva akasema. "Mbwa wa mtu haokotwi kama kuni za porini."

"Ingia, dada," Lutengano akasema. "Amelala huku."

Akaingia. Mbwa alikuwa juu ya gunia, shingo imepakwa dawa ya vidonda. Sekela alikuwa amekaa karibu naye. Kando, penye ndoo, Mama Zuhura alikuwa akijisugua mikono na shingo kwa udongo na maji, akisuuza, akianza tena.

"Amefanya nini?" Oliva akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshashuka.

"Alitaka kutoka," Sekela akasema. "Akatoka nusu."

Walimweleza, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alisimulia zaidi alichofanya mwenzake kuliko alichofanya yeye. Hawakumlaumu. Wangemlaumu, angepata pa kushika. Angesema mvua, angesema kibanda, angesema honi ya gari. Alitafuta pa kuweka macho. Gunia lilikuwa na mbwa, ndoo ilikuwa na Mama Zuhura, na upande wa tatu ulikuwa na mguu wa fundi.

"Mwanangu," Mama Zuhura akasema, "hukwenda kucheza. Ulikwenda kazini."

Hilo lilimuumiza Oliva kuliko maneno yote ya bombani.

"Na leo hakuniuma," Lutengano akasema. "Nadhani hatimaye nimelisikia jina lake."

Sekela alicheka, kisha akaona uso wa Oliva, akaacha.

Oliva aliinama kumwita mbwa waondoke. Jina lilifika mdomoni, likakataa kutoka. Akamwita kwa kupiga ulimi tu. Mbwa alitikisa mkia, akabaki alipo. Ilibidi ambebe, naye hakuwa tena wa kuingia ndani ya kofia. Mlangoni alisema "asanteni", kwa sauti ambayo ni Mama Zuhura peke yake aliyeisikia.

Alimpigia Zakaria simu. "Mchana yule mbwa hana kwao," Zakaria akasema. "Mpe mmoja wao. Hata sisi tutapumua."

Alikuwa amesema kweli, lakini Oliva hakupumua. Usiku mumewe akiwa safarini, mbwa ndiye aliyekuwa akihema nyuma ya mlango, Oliva akapata usingizi. Hakutaka kumtoa. Alichotaka ni kitu kidogo kuliko kutoa, na kigumu zaidi: kuwaomba wale watatu wamwangalizie mchana. Alilijaribu ombi kimoyomoyo, akipika, akifua. Kila alipolianza, lilijibiwa na sauti yake mwenyewe ya kila jioni. Angewaambiaje watu kwamba jambo linawahusu, baada ya kuwatangazia miaka miwili kwamba haliwahusu? Akaona kutoa ni rahisi kuliko kuomba.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alimchukua mbwa mpaka bandani kwa Sekela, alikopikia wateja. Alimfunga kamba laini ya katani tumboni, shingo isiguswe. Mama Zuhura na Lutengano waliitwa. Oliva akasema alichojiandalia.

"Nimekuja kumtoa. Mmoja wenu amchukue awe wake. Mliyemwokoa ni ninyi."

Alitegemea wakatae. Moyoni alikuwa amejiandalia mpaka namna ya kushawishika. Hawakukataa.

"Basi mimi namtaka," Mama Zuhura akasema. "Mbwa wa ulinzi dini haikunikataza, na kuku wangu wanaibwa. Nyumbani kwangu mchana kuna mtu. Mtu huyo ni mimi. Na mimi ndiye niliyemsikia. Asiyesikiwa haokolewi."

"Mama yangu, nakuheshimu," Sekela akasema, "lakini wewe ulimsikia siku hiyo moja. Mimi nimemlisha siku zote. Alitulia mikononi mwangu kwa sababu ananijua. Kama angekuwa hanijui, wewe ungekuwa huna pua sasa hivi."

"Hapo umesema," Mama Zuhura akakubali.

"Mnasahau kitu," Lutengano akasema. "Ninyi wawili mlimshika rafiki. Mimi nilimshika adui. Aliyeumwa akarudi, huyo amelipa mara mbili. Na kibandani kwangu hatafungwa. Atalala penye ngozi, kutwa anaona watu wakipita."

"Atakula viatu vya wateja," Sekela akasema.

"Vyako nitampa kwanza."

Oliva akasema labda wamwachie mbwa mwenyewe achague, waifungue kamba waone anakwenda kwa nani.

"Hapa bandani kwangu?" Sekela akasema. "Hapa atachagua sufuria, dada. Hiyo si haki, hata kama ni mimi nitakayeshinda."

Kila mmoja alikuwa na hoja, na hakuna hoja iliyoiangusha ya mwenzake. Ukiondoa sikio, mbwa amekufa. Ukiondoa ulimi, amekufa. Ukiondoa mkono, amekufa. Mmoja alitoa usafi wake, mmoja alitoa riziki yake, mmoja alitoa woga wake. Na vitu hivyo havina mizani ya kuvipimia pamoja.

Mwishoni Mama Zuhura akasema, "Mbwa ni wako, mwanangu. Hatukuja kukuomba, umetuletea. Amua wewe. Utakayempa, wengine hatutanuna."

"Mimi nitanuna kidogo," Lutengano akasema. "Lakini nitapoa."

Oliva alisimama na kamba mkononi. Watu watatu walikuwa mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa ule walikuwa wakimtazama machoni, naye akiwatazama. Lile ombi lilikuwa bado kooni. Bado alikuwa na nafasi ya kulisema: kwamba hataki kumpa yeyote, kwamba anaomba wote watatu. Lakini alikwisha kusema anatoa, mbele ya watu, na wao wamekwisha kusema wanataka. Kunyoosha mkono kutoa kisha kuurudisha ukiwa na kitu, nako ni aibu, na aibu alikuwa nayo ya kutosha.

Mbwa alikuwa ameketi kando ya mguu wake, akinusa harufu ya sufuria.

Haya, mliosikia mpaka hapa, mimi nimeishia palipoishia. Kamba iko mkononi mwa Oliva na watu wanangoja. Wewe ungeiweka mkononi mwa nani: aliyesikia, aliyetuliza, au aliyekata? Au ungebaki nayo, ukawaangalia usoni, ukaomba? Msijibu haraka, ulizaneni kwanza.