Mgeni Mzito na Kamba ya Bi Mwanajaka

"Mgeni mzito haulizi mapambo, huuliza kina." Mmeusikia msemo huu sokoni, wajukuu zangu, mkanijia mbio mkitaka asili yake. Kaeni basi. Ulianza hivi.

Bi Mwanajaka alikuwa msokota kamba wa Kizamo, mji uliokaa juu ya mwamba, maji yake meusi kwa kina tangu ukingoni. Vyombo vidogo viliukimbia.

"Bandari gani hii, nanga haigusi chini!" manahodha walicheka, wakahamia Uchangani, mji wa jirani wenye mchanga mweupe. Watu wa bara na kahawa yao na ngozi zao wakawafuata huko. Soko la Kizamo likabaki na kunguru. Hata Siwatu, mke wa mwana wa Bi Mwanajaka, akafunga mizigo.

"Mama, twende zetu. Hapa utamsokotea nani kamba?"

"Ningoje kidogo, mwanangu."

Mara ikasikika kuwa meli kubwa isiyopata kuonekana inakuja kutafuta bandari ya kudumu. Uchangani wakatandika mikeka hadi majini, wakapiga matari. Meli ikakaribia, ikakwama mchangani, ndi! Matari yakanyamaza. Maji yalipojaa ikajinasua, ikageuza kwenda zake.

Bi Mwanajaka aliyaona yote kutoka mwambani. Akaunga kamba zake, akafunga jiwe la kusagia mwishoni.

"Mama, hilo si jiwe langu?" Siwatu akauliza.

"Lako. Shika kafi, piga!"

Wakaiwahi meli kwa kihori.

"Nahodha!" akaita bibi. "Kwetu nanga haigusi chini!"

Siwatu akajishika kichwa. "Unatangaza aibu yetu, mama?"

Lakini nahodha aliinama ukingoni mwa meli. "Hebu rudia, bibi."

"Sirudii. Nifuate uone."

Hatua tatu kutoka mwambani akalitosa jiwe. Pima tano. Kumi. Kumi na mbili, na kamba bado inakwenda.

"Sasa nitafungia wapi meli yangu?" nahodha akauliza.

"Kwenye mwamba! Kamba ninazo. Wewe lete meli tu."

Meli ikalala ubavu kwa mwamba, mzigo ukashuka juu ya mbao, hakuna aliyelowa mguu. Watu wa bara wakageuza punda wao, na meli nyingine zikafuata. Siwatu akafungua mizigo, akaanza kujifunza kusokota, maana kamba za mkwewe hazikutosha tena.

Wazee wa Uchangani wakaja kuuliza, "Mlimpambia nini yule mgeni?"

Bi Mwanajaka, makumbi ya nazi ya kusokotea mikononi, akacheka hadi ushungi ukamdondoka.

"Mgeni mzito haulizi mapambo, jamani. Huuliza kina."