Fidia ya Mbonea

Sogeeni, wenye masikio na wenye hukumu. Nina kesi iliyowashinda wenye kijiji chao, nami sina ubavu wa kuibeba peke yangu.

Katika kijiji kimoja cha milimani, kule wanakolima tangawizi, aliishi mtu jina lake Mbonea. Kisa chake kina watu watatu. Wa kwanza ni mkewe, Nakunda, aliyejaliwa moyo usiochoka kuuliza: ukimfukuza mlangoni leo, kesho utamkuta pale pale. Wa pili ni Bundala, mfungwa kutoka Usukumani, aliyejaliwa mikono ya kuuguza. Wa tatu ni Togolai, kibarua, aliyejaliwa ulimi ambao watu huuamini. Ulimi huo ndio uliomfunga Mbonea.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa ukame, mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, alikutwa ameuawa kwa panga. Siku chache kabla, Mbonea alikuwa amegombana naye mbele za watu juu ya zamu ya maji. Lakini muuaji alikuwa tajiri mmoja wa tangawizi, mwajiri wa Togolai, na Togolai alimwona kwa macho yake. Tajiri akamwambia, kwa sauti ya upole, kwamba mahakamani ataje jina la Mbonea, la sivyo atamfuata mlinzi kaburini. Togolai akapanda kizimbani, akaapa, akataja. Mbonea akahukumiwa kifungo cha maisha. Wanakijiji hawakungoja hata msimu upite. Waligawana shamba lake lililo chini ya ndiva, wakisema shamba la muuaji halina mwenyewe.

Gerezani, Mbonea alikataa kula. Mwaka wa pili alipasua blanketi lake, akajitundika kwenye nondo za dirisha. Bundala ndiye aliyemkuta, akamwinua kwa mabega mpaka wenzake wakakata kitanzi. Bundala huyu aliua mtu kweli, wala hakuwahi kukana. Akamwambia Mbonea, "Mimi niliua, nami naishi. Wewe hukuua, utakufaje mbele yangu?" Kifua kikuu kilipomshika Mbonea, wafungwa wengine walimkwepa. Bundala alimlisha uji kwa kijiko, akamwosha, akafua matambara yenye damu, msimu hadi msimu.

Huku nje, Nakunda alizunguka ofisi baada ya ofisi. Aliambiwa faili halionekani, aliambiwa mhusika amesafiri, aliambiwa arudi. Alirudi. Shemeji zake walitaka kumrithi kana kwamba mumewe amekwisha kufa, akakataa, nao wakamnyima hata mbegu. Njaa ilipombana, fundi muashi mmoja alikuwa akimletea unga, na kwa fundi huyo Nakunda akazaa mtoto. Kijiji kikamtema. Hata hivyo hakuacha kuuliza. Aliposikia kwamba Togolai amehamia bondeni kwenye mashamba ya mkonge, alimfuata huko na mtoto mgongoni, akaketi mlangoni pake. Hakumtukana. Kila asubuhi alimwuliza swali lile lile: "Siku ile ulimwona nani?"

Togolai alimjibu kwa ukali, kisha akaanza kulia kila anapomwona. Alijua kwamba anayekiri kiapo cha uongo hufungwa, na kwamba tajiri bado yu hai. Mwishowe alirudi kizimbani, akasema yote. Tajiri akakamatwa. Jamaa za tajiri wakachoma nyumba ya Togolai kijijini, na mama yake mzee alikuwa ndani. Naye Togolai akatumikia kifungo chake, akatoka hana mama wala paa.

Mbonea aliachiwa baada ya miaka kumi na mmoja. Alifika nyumbani akitembea kama mtu anayeipima ardhi isije ikamdanganya. Akamwona mtoto. Nakunda hakujitetea. Mbonea akamwuliza mtoto jina lake, akamsogezea sahani yake wale pamoja.

Sasa kijiji kilipaswa kumfidia, na fidia yenyewe ilikuwa shamba lake mwenyewe. Waliokuwa na vipande wakasema wangoje wavune. Walipovuna, walipanda tena. Bundala alitoka gerezani kwa msamaha, akaja kumuuguza Mbonea, ambaye kifua kilikuwa kimemrudia, na wenye vipande bado wanavuna. Baraza lilipomwuliza Mbonea shamba atamwachia nani, maana hakuwa na mtoto wa damu yake, alijibu, "Nirudishieni kwanza nilione." Hawakumrudishia. Alifia kitandani, dirisha lake likitazama tangawizi ya watu wengine.

Baada ya maziko, aibu iliwaingia. Vipande vyote vikarudishwa. Lakini zamu ya maji ya shamba lile ni moja; waliogawana walikuwa wakinyweshea kwa zamu za mashamba yao mengine, na bila hizo, ukiligawa hakuna kipande kitakachootesha kitu. Lazima apewe mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Namsifu, akawaita mbele ya baraza wale watatu waliomrudisha Mbonea nyumbani.

Nakunda alisema, "Nilizaa nje, sikatai. Lakini tajeni mwingine aliyemtafuta."

Bundala alisema kwamba hakumuuguza ili alipwe. "Ila ndugu zangu wamenikataa, wazee wangu. Yeye aliniita ndugu. Na bila mikono hii, shemeji yangu hapa angefungua mlango wa gereza akute kaburi."

Togolai alisema bila kuinua macho, "Nilimfunga, kisha nikamfungua. Mama yangu ndiye aliyelipia. Sijui mizani yenu inasemaje."

Mzee mmoja akapendekeza kwamba, kwa kuwa kila mmoja ana doa lake, shamba libaki mali ya kijiji. Mama Namsifu akamtazama. "Kijiji kimelila miaka kumi na mmoja na zaidi," akasema. "Bado hakijashiba?"

Wengine walisema mke ni mke. Wengine wakasema ndoa ilikwisha siku alipozaa na fundi, ijapokuwa Mbonea mwenyewe hakusema hivyo. Kuna waliosema muuaji asipewe ardhi kijijini, wakakumbushwa kwamba wao wenyewe walimwita Mbonea muuaji, naye hakuua. Na kuna waliosema Togolai ndiye chanzo cha msiba, wakajibiwa kwamba kesho hakuna atakayesema kweli akiona aliyeisema jana aliachiwa majivu tu.

Baraza likatawanyika bila uamuzi. Vuli imeanza kunyesha, maji ya ndiva yamejaa, na shamba limeota magugu.

Basi, nyinyi mlioketi hapa, kesi ni yenu. Bila Bundala, Mbonea asingekuwa hai kuachiliwa. Bila Nakunda, Togolai asingesema. Bila Togolai kusema, lango lisingefunguliwa. Shamba mngempa nani? Na wale wawili mtakaowanyima, mtawaambia nini wakiwa wamesimama mbele yenu?