Pimbi na Santuri ya Mkiani

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na mapazia, na Tembo akichana vinywele vyake vya utosini kila asubuhi kabla hajatoka, mji wa Majabali ulikuwa na gramafoni moja tu. Moja! Na sindano yake haikuuzwa dukani. Ilikuwa mwiba wa Nungunungu, naye Nungunungu alikubali kung'olewa mwiba mmoja tu kwa mwaka, tena kwa makelele. "Uuuwi! Mnaniua!" Mwiba huo ukishapiga santuri moja, kwisha kazi, umekuwa butu kama kidole.

Kwa hiyo kila baada ya mavuno ilipigwa santuri moja, ile iliyotajwa kuwa albamu bora kuliko zote zilizowahi kurekodiwa chini ya jua. Na iliyoshika mkia je? Iligeuzwa mfuniko wa mtungi. Msinikodolee macho, ndivyo ilivyokuwa! Mwaka uliopita santuri ya Kobe, yenye nyimbo za polepole lakini tamu, ilikwenda kufunika mtungi wa Fisi. Mpaka leo Kobe akipita mlangoni kwa Fisi huingiza kichwa ndani ya gamba asione.

Ajabu kubwa ni kwamba waamuzi hawakuzisikiliza santuri hizo. Wangezisikilizaje, na mwiba ni mmoja? Walizipanga kwa kubishana tu. Na waamuzi walikuwa wale wenye miguu mizito: Tembo, Nyati na Kiboko. Kila mmoja wao alikuwa na santuri ya ukoo wake kwenye sanduku la mashindano.

Santuri ya nne iliyobaki ilikuwa ya marehemu mama yake Pimbi.

Pimbi huyu jina lake Sikudhani. Kamwili kadogo, mkia hana, akili anayo. Mama yake alifariki Sikudhani akiwa hajaanza hata kutambaa, na kilichobaki cha mama ni ile santuri. Sikudhani hakuwahi kuisikia. Kila mavuno alibeba kigoda chake akakaa mbele kabisa, akiomba safari hii itajwe ya mama. Kila mavuno ilitajwa ya mwenye miguu mizito, naye akarudi nyumbani na kigoda chake.

Basi mwaka huo mkutano ukaanza, na ugomvi ukaanza nao.

"Nambari moja ni 'Ardhi Yatikisika' ya babu yangu!" Tembo alinguruma. "Mkonga mmoja unapiga sauti za tarumbeta saba! Nani mwingine aliweza?"

"Heee!" Nyati aliruka. "Ile kelele ya kuamsha wagonjwa? Nambari moja ni 'Vumbi la Jioni'. Shangazi zangu wote wanapiga kwato, ka-ta-ka-ta, ka-ta-ka-ta!"

"Jamani, besi iko wapi humo?" Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Muziki bila besi ni uji bila sukari. 'Kishindo cha Mtoni' ndiyo albamu. Hizo zenu ni za kuchezea watoto."

"Umewahi kuisikiliza yangu wewe?" Nyati aliuliza.

"Niisikilize ili iweje? Najua mbaya!"

"Na ya mwisho?" Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi, aliuliza taratibu.

"Ya Pimbi!" walijibu wote watatu kwa pamoja. Lo! Siku nzima hawakukubaliana neno, hilo moja wakalikubali bila kupumua.

"Nimeshaipima," Kiboko aliongeza. "Inaenea kabisa kwenye mtungi wangu wa maji ya kunywa."

Sikudhani alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Ameshaipima! Mama yake, ambaye yeye hajamsikia hata mara moja, tayari amepimwa kwenye mdomo wa mtungi! Alitaka kupiga ukunga, sauti haikutoka. Akabaki ameshika kigoda chake.

Wale wakubwa wakaendelea. Tembo akapiga mguu chini, puu! Nyati akapiga kichwa ukutani, gaa! Kiboko akaanguka kwa hasira, na jiko la Nungunungu, lililokuwa kando ya uwanja, likaporomoka lote, sufuria zikabingirika mpaka barabarani.

"Jiko langu!" Nungunungu alilia. "Mwaka huu mwiba sitoi!"

Hapo ndipo Sikudhani alipopata sauti yake.

"Wakubwa zangu, shikamooni."

"Marahaba," walijibu, wakitafuta inakotoka sauti. Ilibidi wainame.

"Mkiendelea hivi mtabomoa mji. Kwa nini msiamue kwa kokoto? Tuweke vibuyu vinne nyuma ya pazia la kanga, kimoja kwa kila santuri. Kila mwamuzi anaingia peke yake. Albamu anayoipenda kuliko zote anaipa kokoto tatu. Ya pili, mbili. Ya tatu, moja. Ya mwisho haipati kitu. Kibuyu kitakachozidi, hiyo ndiyo bora ya dunia. Kitakachopungua, mfuniko."

Tembo akawaza: nitashinda. Nyati akawaza: nitashinda. Kiboko hakuwaza, alikuwa na hakika. Wakakubali.

Kesho yake asubuhi Sikudhani alitia togwa kwenye kibuyu cha mkononi, akapanda kwa Tembo. Akamkuta anajipepea kwa masikio barazani.

"Hodi, babu Tembo. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kulilia santuri?"

"Nilie nini, babu? Yangu imeshakwenda. Nimekuja kukuonea huruma wewe."

"Mimi?" Masikio yakasimama. "Huruma ya nini?"

"Kokoto zako tatu utaipa ya ukoo wako, sawa. Lakini za pili utampa nani? Ukimpa Nyati, umemsogeza. Ukimpa Kiboko, umemsogeza. Umewanenepesha maadui kwa mkono wako mwenyewe."

"Ala!" Tembo alishusha kibuyu cha togwa. "Hilo sikuliona!"

"Ungezitupa mahali pasipo na madhara. Sehemu ambayo haiwezi kushinda hata ikipewa mlima."

Tembo alifikiri. Hata mngesimama mbali mngemsikia akifikiri. "Kama... kama kwako wewe!"

"Mimi?" Sikudhani alishika kifua. "Babu, si mlisema yangu ni ya mwisho?"

"Wenzangu wawili watakunyima. Kokoto mbili zangu zitakufikisha wapi? Nyati nitamtupia moja. Kiboko, aliyeniita mchezo wa watoto, simpi kitu!"

"Babu, akili hizo unazitoa wapi?"

"Usimwambie mtu," Tembo alinong'ona.

"Mimi? Thubutu!"

Akateremka mbio kwa Nyati, aliyekuwa anapakwa mafuta ya pembe na mkewe. Shikamoo, marahaba, togwa, huruma. Nyati naye akagutuka, "Hee! Kumbe ningejichimbia shimo!" Naye akavumbua peke yake, bila kusaidiwa na mtu, kwamba kokoto mbili azitupe kwa Pimbi. Kiboko angepata moja, na Tembo, aliyejifanya mkubwa, asipate kitu.

Kiboko alikuwa ndani ya maji, pua tu zinaonekana. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa povu. "Bloo! Nimepata wazo. Kokoto mbili nitakupa wewe Pimbi, maana santuri yako mimi ninaijua, ni mfuniko wangu! Tembo moja inamtosha. Nyati na vumbi lake nimnyime. Lakini ni siri."

"Mjomba, siri yako nimeimeza," Sikudhani alisema. Alipofika nyuma ya kichaka akakaa chini. Vipi kama mmoja wao angegeuza nia? Usingizi ulimpaa.

Siku ya siku ikafika. Kanga ikatundikwa, wakaingia mmoja mmoja. Tembo akatoka anatabasamu. Nyati akatoka anatabasamu. Kiboko akatoka, meno yote nje. Kila mmoja alimtazama Pimbi akamkonyeza, na Sikudhani akawakonyeza wote.

Nungunungu, aliyeahidiwa jiko jipya, akageuza mgongo na kufumba macho. Pwii! Mwiba ukang'oka. "Uuuwi!"

Kobe akaanza kuhesabu, kwa mwendo wake ule.

"Ya Tembo... kokoto... nne."

"Nne?" Tembo alishtuka. "Nne tu?"

"Ya Nyati... nne. Ya Kiboko... nne."

Wakatazamana. Kobe akainua kibuyu cha nne, na kibuyu kikalia chaka-chaka-chaka. Akamwaga. Akahesabu. Akafuta macho, akahesabu tena.

"Ya Pimbi," alisema, na safari hii hakuivuta sauti hata kidogo, "sita!"

Fisi alisahau kufunga mdomo. Ndege mmoja alianguka kutoka tawini, msiniulize kwa nini.

"Haiwezekani!" Nyati alifoka. "Mimi nilimpa mbili, lakini mimi ni mmoja!"

"Mbili?" Tembo alimgeukia. "Hata mimi nilimpa mbili!"

"Lo!" Kiboko alikaa chini, kishindo. "Na mimi! Alikuja kwangu na togwa..."

"Kwangu pia!"

"Kwangu pia!"

"Tena," Kobe alisema, macho yanameta, "zenu tatu zimelingana chini. Zote zimeshika mkia. Mifuniko mitatu."

Hapo, wanangu, wale wakubwa waliishiwa nguvu. Tembo mkonga ulining'inia. "Babu yangu, mfuniko?" alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Kisha hasira zikawapanda, wakageuka wote kumtafuta Pimbi. "Yuko wapi huyo!"

Alikuwa ameshafika kwenye gramafoni. Santuri imewekwa, mwiba umeshuka.

Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Mguu wa Nyati ulibaki hewani. Kwanza ilisikika ngoma ndogo. Halafu, katikati ya ngoma, mtoto mchanga akaanza kulia, nyeee! Uwanja ukashtuka. Mtoto, ndani ya santuri? Ndipo sauti ya mama, laini, yenye kicheko ndani yake, ikasema, "Nyamaza, Sikudhani wangu, mama anaimba. Haya, kama hutaki kunyamaza, lia kwa mpigo." Naye akaanza kuimba, na mtoto akilia humo humo, wimbo haukusimama.

Sikudhani alibandika sikio kwenye sanduku la gramafoni. Alikuja kumsikia mama, kumbe wamo wote wawili! Alilia kwa sauti, bila haya, na hakuna aliyemgusa.

Santuri ilipokwisha, Kiboko alikuwa analengwalengwa na machozi. "Na mimi niliipima kwenye mtungi," alisema.

"Na zetu?" Nyati aliuliza, anatazama chini. "Zinakuwa mifuniko?"

Sikudhani alipangusa pua. "Kwani kawa zimekwisha sokoni? Funikeni mitungi kwa kawa, kama watu. Na ya Kobe irudishwe leo hii."

Fisi akaenda kuileta mbio, bado inachuruzika maji.

Basi kumbukeni hili, wanangu: ukishika kazi ya kumshusha mwenzako, hutamwona unayempandisha.